Namna ya Kuandaa Mafumbo na Chemsha Bongo kwa Watoto Wanaopenda Mchezo wa Kuteleza kwa Mitindo Kwenye Barafu

Watoto wa Mtwara na Lindi wanaoupenda mchezo wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu wameujua kupitia simu na televisheni, na walio wengi hawajawahi kukanyaga uwanja wa barafu. Hali hiyo haipunguzi mapenzi yao hata kidogo, lakini inatudai sisi tunaowaandalia maswali tufikiri kwa makini. Mtoto wa Oslo au Sapporo hujifunza tofauti ya mruko mmoja na mwingine kwa miguu yake mwenyewe, ilhali mtoto wa Shangani au Mikindani hujifunza kwa macho na kwa hesabu. Swali linalomtaka ataje jina la bingwa tu humwacha pale pale alipokuwa. Swali linalomtaka aangalie, apime na atoe sababu humfanya awe mtazamaji makini kuliko watu wazima wengi wanaoutazama mchezo huu kwa miaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu, na kaka na dada wakubwa wanaotaka kuandaa jioni ya mafumbo nyumbani, shuleni au madrasani baada ya masomo, na kigezo chake ni kimoja: fumbo linafaa ikiwa mtoto, akishapewa jibu, anaweza kumweleza mwenzake kwa nini jibu ni hilo.

Wakati mzuri wa kuanza ni Oktoba. Mashindano ya Grand Prix ya mchezo huu huanza mwezi huo na fainali yake huwa Desemba, kisha hufuata mashindano ya mabara na, mwezi Machi, Mashindano ya Dunia. Kwetu huo ndio msimu wa korosho, kwa hiyo korosho ghafi zinapatikana kwa wingi, nazo ni kete nzuri za kuhesabia alama za timu.

Anza na chuma cha kiatu

Mafumbo mengi ya mchezo huu hayaeleweki bila kukijua kiatu. Chini ya kiatu kuna chuma chenye unene wa takriban milimita 4, ambacho kimechimbwa mfereji mwembamba katikati tangu mbele hadi nyuma, na mfereji huo ndio unaotenganisha makali mawili. Makali ya ndani ni yale yaliyo upande wa mguu wa pili, na makali ya nje ni yale ya upande wa kando. Kwenye ncha ya mbele ya chuma kuna meno, ambayo mtelezaji huyachoma kwenye barafu ili yamsaidie kuruka.

Waambie watoto wavue viatu na wasimame kwa mguu mmoja. Walalie kwanza upande wa kidole gumba cha mguu, hayo ndiyo makali ya ndani, kisha walalie upande wa kidole cha mwisho, hayo ndiyo makali ya nje. Zoezi hili linachukua muda mfupi sana, na baada yake mtoto huacha kubahatisha. Ukimuuliza makali gani yametumika, utamwona akigeuza unyayo wake chini ya meza kabla ya kujibu.

Baada ya hapo wafundishe miruko sita inayohesabiwa katika mashindano: tolupu, Salchow, lupu, flipu, Lutz na Axel. Mitatu kati yake ina majina ya watu. Axel Paulsen alikuwa Mnorwei, Ulrich Salchow alikuwa Mswidi, na Alois Lutz alikuwa Mwaustria. Usiwakaririshe majina haya kwa wimbo. Wape ngazi ya maswali, nao wataipanda wenyewe.

Swali la kwanza la ngazi hiyo ni hili: wakati wa kuruka, mtelezaji anatazama mbele anakokwenda au anarudi kinyumenyume? Kama anatazama mbele, huo ni Axel, na fumbo limekwisha, kwa kuwa miruko mingine yote mitano huanza kinyumenyume. Kama anarudi kinyumenyume, liulizwe swali la pili: je, amechoma barafu kwa meno ya mguu wa pili? Kama hakuchoma, umebaki na miruko miwili tu. Salchow hutoka kwenye makali ya ndani ya mguu wa kushoto, na lupu hutoka kwenye makali ya nje ya mguu wa kulia. Kama amechoma, umebaki na mitatu. Tolupu hutoka kwenye makali ya nje ya mguu wa kulia, huku meno ya mguu wa kushoto yakichoma. Flipu hutoka kwenye makali ya ndani ya mguu wa kushoto, na Lutz hutoka kwenye makali ya nje ya mguu huo huo wa kushoto, na katika miruko hii miwili ya mwisho unaochoma ni mguu wa kulia. Maelezo haya ni ya mtelezaji anayezunguka kinyume na mwendo wa saa, kama wafanyavyo wengi. Kwa yule anayezunguka kufuata mwendo wa saa, badilisha kushoto kuwa kulia.

Flipu na Lutz ndizo zinazowatesa watazamaji, na hapo ndipo inapofaa kukaa muda mrefu. Chukua chaki, chora kwenye sakafu ya baraza nusu duara mbili kubwa, kila moja iwe na urefu wa hatua sita au saba za mtoto. Katika nusu duara ya kwanza, mtoto atembee kinyumenyume juu ya mstari, kitovu cha duara kikiwa upande wake wa kulia, na akifika mwisho ageuke kuelekea kushoto kwa mzunguko mmoja, polepole, bila kuruka. Ataona kwamba mwili ulikwisha kuanza kugeuka upande huo tangu alipokuwa akitembea. Hiyo ndiyo njia ya flipu. Katika nusu duara ya pili, kitovu kiwe upande wake wa kushoto, atembee vilevile kinyumenyume, kisha ageuke tena kuelekea kushoto. Safari hii mwili umekuwa ukipinda kulia njia nzima, na ghafla unatakiwa uzunguke kushoto, kwa hiyo mtoto huyumba au husimama kwanza. Hiyo ndiyo njia ya Lutz, na huko kuyumba ndiko kunakoeleza kwa nini Lutz ina alama nyingi kuliko flipu. Hata mtoto wa darasa la tatu hulielewa jambo hilo pale pale barazani, wakati maelezo ya mdomo peke yake yangemchosha. Usiwaruhusu kuruka na kuzunguka juu ya saruji, hasa wakiwa na soksi.

Sasa tengeneza kadi sita kutoka kwenye makasha ya karatasi ngumu. Mbele ya kila kadi andika dalili tatu bila jina: anatazama wapi, ametumia makali gani, amechoma meno au hakuchoma. Nyuma andika jina. Watoto wakizizoea, ficha dalili moja kati ya tatu na uulize ni miruko mingapi bado inawezekana. Kwa mfano, kadi isemayo tu kwamba mtelezaji alirudi kinyumenyume kwa makali ya nje ya mguu wa kulia ina majibu mawili, lupu na tolupu, na mtoto anayesema «sijui ni upi, lakini ni mmoja wa hii miwili» apewe alama kamili, kwa sababu amefikiri sawasawa. Kama kuna video, ipakue mapema ili bando lisikatishe mchezo, ionyeshe mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha uirudie kwa mwendo wa polepole, na watoto wainue kadi zao kabla mtangazaji hajataja mruko.

Vitendawili vyenye miji ya Olimpiki

Watoto wetu wanajua kutega na kuteguliwa tangu utotoni, na sioni sababu ya kuwaletea muundo mwingine wa maswali wakati huu upo na wanaupenda. Kitendawili cha mchezo huu kitungwe kama vitendawili vyote: kifupi, chenye mizani, kisichotaja kitu chenyewe. Hivi vinne nimevitunga kwa kuanzia.

Nimeruka nikitazama ninakokwenda, nimetua nikitazama nilikotoka. Jibu ni Axel, kwa kuwa huanza mbele na kumalizika kinyumenyume.

Pacha wamezaliwa kwenye chuma kimoja, fundi huwatuma mmoja mmoja. Jibu ni makali ya ndani na ya nje.

Nikikumbatia naenda mbio, nikifungua mikono napoa. Jibu ni mtelezaji anayezunguka mahali pamoja. Akikusanya mikono kifuani kasi huongezeka, akiitanua kasi hupungua, na mtoto anaweza kulijaribu hilo akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, huku mtu mzima akimshika asianguke.

Yuko mbele ya wenzake lakini hachezi, huchoma na kuondoka. Jibu ni meno ya chuma.

Uzuri mkubwa uko kwenye desturi ya kuomba mji. Mteguaji akishindwa, mtegaji humwambia «nipe mji», na kwa kawaida tungempa Masasi, Newala au Kilwa. Katika chemsha bongo hii weka sharti kwamba mji utakaotolewa uwe na historia ya mchezo wa kuteleza, na kwamba mtegaji akiupokea, aseme alichokikuta huko. Asipoweza kusema, mji haumfai na jibu halitolewi mpaka apewe mwingine. Hivyo watoto wote wawili wanafanya kazi. Mmoja atasema, «Nakupa Nagano,» na mwenzake atajibu, «Nimekwenda Nagano mwaka 1998, nikamkuta Surya Bonaly wa Ufaransa akipinduka kinyumenyume hewani na kutua kwa mguu mmoja, ingawa kanuni zilikataza.» Hapo mtegaji mzuri huongeza kwamba katazo hilo liliondolewa kuanzia msimu wa 2024/25.

Andika miji mingine kwenye karatasi na uibandike ukutani siku chache kabla. London, 1908: mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, tena katika michezo ya majira ya kiangazi, miaka 16 kabla ya Michezo ya Majira ya Baridi kuanzishwa. Chamonix, 1924: Sonja Henie wa Norwei alishiriki akiwa na umri wa miaka 11 na akawa wa mwisho kati ya wanawake wanane. Sarajevo, 1984: majaji wote tisa waliwapa Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean alama ya juu kabisa ya wakati ule, yaani 6.0, kwa upande wa sanaa. Calgary, 1988: Debi Thomas wa Marekani alipata medali ya shaba na kuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata medali katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Vancouver, 2010: Yuna Kim wa Korea Kusini alishinda kwa alama 228.56. Sochi, 2014: mashindano ya timu yalifanyika kwa mara ya kwanza, na Yuzuru Hanyu wa Japani akachukua dhahabu yake ya kwanza. Mtoto akikupa Nairobi, mkubalie, kwa kuwa hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, mahali ambapo kutoka kwenye ikweta si mbali.

Hesabu za majaji

Wapo wanaodhani kwamba hesabu zitawafukuza watoto. Mimi naamini kinyume chake, kwa sababu katika mchezo huu hesabu ndiyo inayoamua nani analia na nani anacheka, na mtoto aliyeikokotoa mwenyewe hushika kalamu hata anapotazama mashindano.

Mpe kwanza kanuni tatu. Kila mruko una thamani ya msingi. Majaji tisa hutoa alama ya ubora kuanzia −5 hadi +5, na kila hatua moja ya ubora ni sawa na asilimia 10 ya thamani ya msingi. Mtelezaji akianguka, hukatwa alama 1 nyingine kutoka kwenye jumla yake. Kisha mwandikie thamani chache za msimu wa 2022/23, ambapo «mara» ni idadi ya mizunguko hewani: Axel ya mara mbili 3.3, tolupu ya mara tatu 4.2, flipu ya mara tatu 5.3, Lutz ya mara tatu 5.9, Axel ya mara tatu 8.0, Lutz ya mara nne 11.5, na Axel ya mara nne 12.5.

Fumbo lenyewe ni hili. Watelezaji watatu wameruka mruko mmoja kila mmoja. Wa kwanza amejaribu Lutz ya mara nne, akakamilisha mizunguko yote, lakini akaanguka, na majaji wote wakampa −5. Wa pili ameruka Lutz ya mara tatu, akapata 0. Wa tatu ameruka Axel ya mara mbili tu, lakini kwa uzuri wa kiwango cha juu, akapata +5 kwa majaji wote. Wapangwe kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Kabla ya kukokotoa, waache watoto wapige kura. Karibu wote watamweka juu yule wa mizunguko minne, kwa kuwa ndiye aliyefanya jambo kubwa. Kisha wakokotoe. Wa kwanza ana 11.5, anapunguziwa 5.75, inabaki 5.75, na akikatwa alama 1 ya kuanguka anabaki na 4.75. Wa pili ana 5.9 yake kamili. Wa tatu ana 3.3, anaongezewa 1.65, anapata 4.95. Mruko mdogo uliofanywa kwa ukamilifu umeupita mruko mkubwa ulioanguka, kwa sehemu mbili za kumi tu. Acha wabishane juu ya haki ya jambo hilo kwa muda, maana ni ubishi wenye maana na hata wataalamu wa mchezo wanao.

Fumbo la pili linahusu majaji wenyewe. Majaji tisa wametoa alama hizi za ubora kwa mruko mmoja: 2, 3, 1, 2, −5, 2, 3, 1, 3. Kanuni inasema alama moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa ziondolewe, kisha utafutwe wastani wa zilizobaki. Ukiondoa 3 moja na ile −5, zinabaki saba zenye jumla ya 14, na wastani wake ni 2. Sasa waulize wastani ungekuwa ngapi kama zingehesabiwa zote tisa: jumla ni 12, na wastani ni takriban 1.33. Mtoto anaona kwa macho yake namna jaji mmoja aliyetofautiana na wenzake anavyozuiwa asimwangushe mtelezaji. Ukiwa na watoto tisa, wafanye wao wenyewe kuwa majaji wa mruko mmoja wa kwenye video, kila mmoja aandike alama yake kwa siri, kisha ziandikwe ubaoni na kukokotolewa.

Wakubwa zaidi, wa kidato cha kwanza na kuendelea, wapewe suala la nusu ya pili. Kwa kanuni za msimu huo huo, miruko mitatu ya mwisho katika programu ndefu, ikifanywa baada ya nusu ya muda kupita, huongezewa asilimia 10 ya thamani ya msingi. Lutz ya mara tatu ikipelekwa mwishoni inakuwa na thamani ya 6.49. Waulize ni miruko ipi waipeleke nyuma na ipi waifanye miguu ikiwa bado ina nguvu, wakikumbuka kwamba programu hiyo huchukua kama dakika 4. Hapa hakuna jibu moja. Alama zitolewe kwa hoja.

Miaka na watu

Maswali ya historia ndiyo yanayoharibika upesi kuliko yote, kwa sababu mwandaaji huchukua tarehe kumi na kuuliza moja baada ya nyingine mpaka watoto wanaanza kupiga miayo. Tarehe zipangwe ziulizane zenyewe. Chukua Axel peke yake: Paulsen aliuruka mwaka 1882, Dick Button wa Marekani aliuruka kwa mara mbili mwaka 1948, Vern Taylor wa Kanada kwa mara tatu mwaka 1978, na Ilia Malinin wa Marekani kwa mara nne mwezi Septemba 2022. Uliza ni hatua ipi iliyochukua muda mrefu zaidi. Majibu ni miaka 66, miaka 30 na miaka 44, na swali linalozaliwa hapo ni kwa nini hatua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya mwisho. Ongeza dokezo kwamba Axel huongeza nusu mzunguko kila mara, kwa hiyo ile ya mara nne kwa kweli ni mizunguko minne na nusu hewani.

Fumbo jingine ni la Salchow. Alikuwa bingwa wa dunia mara kumi, kati ya mwaka 1901 na 1911. Miaka hiyo ukiihesabu ni kumi na mmoja, kwa hiyo upo mwaka mmoja ambao taji lilikwenda kwa mwingine. Dokezo: aliyelichukua alikuwa pia bingwa wa mashindano ya kwanza kabisa ya dunia, yaliyofanyika St. Petersburg mwaka 1896, na alilirudisha miaka kumi baadaye. Jibu ni 1906, na bingwa ni Gilbert Fuchs wa Ujerumani. Usisahau kuwasimulia wasichana, na wavulana pia, kwamba mwaka 1902 Mwingereza Madge Syers aliingia kwenye mashindano hayo hayo ya dunia dhidi ya wanaume, kwa kuwa kanuni hazikuwa zimetaja kwamba ni ya wanaume peke yao, akawa wa pili nyuma ya Salchow.

Ninalolipenda zaidi ni fumbo la umri. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza liliamua kupandisha umri wa chini wa kushindana ngazi ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, na kanuni hiyo ilikamilika msimu wa 2024/25. Mtelezaji lazima awe ametimiza umri huo kabla ya tarehe 1 Julai inayotangulia msimu. Sonja Henie alizaliwa tarehe 8 Aprili 1912, na alishinda dhahabu za Olimpiki mwaka 1928, 1932 na 1936. Kwa kanuni ya leo, ni dhahabu ngapi angeruhusiwa kuzigombea? Mtoto lazima arudi nyuma hadi Julai 1927, ambapo Henie alikuwa na miaka 15, na Julai 1931, ambapo alikuwa na miaka 19. Jibu ni dhahabu mbili. Huko Chamonix asingekanyaga kabisa.

Kuna aina moja ya maswali ambayo naomba isiingie kwenye jioni hizi: maswali kuhusu uzito, umbo au maisha ya faragha ya watelezaji. Wengi wao ni vijana wadogo ambao wamesemwa sana kuhusu miili yao, na watoto wanaojibu maswali nao wana miili yao wanayoifikiria.

Fumbo la herufi

Kwa kufungia jioni, au kwa siku umeme unapokatika, tumia daftari la hesabu lenye miraba. Chagua jina lenye herufi saba au nane, liandike kwa kushuka, kisha tafuta jawabu linaloanza na kila herufi yake. Miraba iwe mingi kama herufi za jawabu, na idadi hiyo itajwe kwenye dokezo, kwa kuwa majina ya kigeni huwachanganya watoto tahajia. Kwa wadogo, bandika orodha ya majina kumi na tano ukutani ili wachague humo. Hili hapa ni la kunakili, na herufi za mwanzo zikisomwa kutoka juu kwenda chini zitatoa jina la bingwa mara kumi wa dunia.

Dokezo la kwanza, herufi nane: mji ambao Torvill na Dean walipata 6.0 kwa majaji wote tisa.
La pili, herufi nne: mruko pekee unaoanza kwa kutazama mbele.
La tatu, herufi nne: mruko wa makali ya nje ya mguu wa kushoto, wenye jina la Mwaustria.
La nne, herufi saba: mji wa Kanada ambako Debi Thomas alipata shaba.
La tano, herufi tano: Mjapani aliyeshinda dhahabu mwaka 2014 na 2018 mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanaume anayeteleza peke yake aliyelifanya tangu Dick Button.
La sita, herufi nne: mji ambako Button, mwaka 1952, alifanya lupu ya mara tatu.
La saba, herufi nne: Katarina wa Ujerumani Mashariki, dhahabu ya 1984 na ya 1988.

Majibu yake ni Sarajevo, Axel, Lutz, Calgary, Hanyu, Oslo na Witt. Yaandike ukurasa mwingine, mbali na fumbo.

Mafumbo yote yahifadhiwe kwenye daftari moja, yale ya historia kwa kalamu ya wino, na yale ya rekodi, umri na thamani za miruko kwa penseli, tarehe ikiandikwa pembeni. Shirikisho huzipitia thamani hizo mara kwa mara, na mtoto aliyeulizwa mwezi Agosti 2022 kama kuna mtu aliyewahi kutua Axel ya mara nne katika mashindano na kuhesabiwa mizunguko yote, alikuwa sahihi kabisa kujibu kwamba hakuna.